Filme kubwa, sali ya sinema na sisi watu wa Bukavu: maswali yanayorudi kila mara

Kila tukimaliza kuonyesha filme kule Kadutu, kartye ya Bukavu, watu hawatoki mara moja. Wanabaki wanauliza, vijana, mama, wanafunzi, hata papa mmoja wa umri ambaye anakuja na kiti yake mwenyewe, na maswali karibu ni yale yale ya juma lililopita. Tukaamua tuyaandike hapa na majibu yetu, vile tunayajibu kwa mdomo. Hatukuyapanga sana, yamefuatana vile yalikuja, na kuna mahali tumekawia juu ni mambo tunayapenda sana.

Filme kubwa, ile wanaita blokibasta, ni filme ya namna gani?

Si kila filme iliyopata watu wengi. Ni filme ambayo tangu inatengenezwa ilishapangwa iangaliwe na kila mutu, mukubwa na mutoto, mu kila inchi, na matangazo yanatangulia mbele kabisa ili siku ya kwanza watu wawe wameshapanga mustari. Wengi wanahesabu huu mtindo kuanzia 1975, wakati Steven Spielberg alitoa Jaws, ile ya samaki papa anayekula watu. Mbele ya hapo filme mu Marekani ilikuwa inaanza mu miji michache mikubwa, kiisha inatembea polepole mpaka kufika vijijini. Jaws yenyewe iliingia mu sali 409 kwa siku moja, na televizio ilikuwa imeitangaza usiku kwa usiku.

Miaka miwili nyuma yake, 1977, George Lucas akatoa Star Wars. Yeye alishika haki ya kuuza vitu vya filme, yaani vichezeo, nguo, picha, studio iliona ile ni kitu kidogo, kumbe pesa ilikuwa inalala pale. Kutoka siku ile filme haiishii mu sali, inaenda kuishi mu mfuko wa masomo wa mutoto.

Kiisha kuna Titanic ya James Cameron, 1997, ilishika nafasi ya kwanza Marekani juma 15 zinafuatana na ikapata Oscar 11. Ule ule Cameron akatoa Avatar 2009, na ukiongeza zile mara waliirudisha mu sali imeshapita dolari miliari 2,9.

Mbona filme moja inabaki mu kichwa ya dunia nzima, na ingine tunaisahau juma linalofuata?

Watu wanajibu: pesa, akteri mzuri, mapigano. Sisi hatuamini kwamba ni hiyo, juu filme za pesa mingi zilizosahaulika ziko mingi sana. Tunaamini inabaki ile ambayo watu waliiona pamoja, kwa wakati mmoja, na kesho yake wakaiongea ku shule, ku soko, mu basi. Filme ukiiona peke yako inakuwa kumbukumbu yako. Ukiiona na watu mia mbili inakuwa habari ya kartye, mutoto anaitwa jina la akteri, kijana anakata nywele sawa yeye, mama anashona nguo ile ya mu filme, na hata mwenye hakuiona anajua ilienda namna gani juu alisimuliwa mara kumi.

Fikiria tu hapa kwetu. Kuna watu wa Bukavu hawajaona Titanic hata dakika tano na wanajua kabisa vile kijana na binti walisimama ku ncha ya mashua wakafungua mikono, na wakipanda boti ya kwenda Goma utaona mmoja anafanya vile vile na wengine wote wanacheka juu wameelewa. Hiyo njo tunaita filme kubwa.

Kuangalia mu sali na kuangalia ku telefone tofauti iko wapi, filme si ni ile ile?

Picha ndiyo, ni ile ile. Lakini ku telefone wewe njo mukubwa na filme njo mutoto: unaisimamisha, unajibu mesaji, unaruka mahali inakuchosha, unaimaliza kesho ama hauimalizi. Mu sali inakuwa kinyume, yenyewe njo inakutawala. Giza, kitambaa kikubwa kushinda ukuta wa nyumba yako, na hauna namna ya kuisimamisha, kwa hiyo ile sehemu ya polepole unaivumilia, na mara mingi ile sehemu ya polepole njo inafanya mwisho ukupige. Alfred Hitchcock alilijua hilo, 1960 wakati alitoa Psycho akakataza mutu kuingia filme ikishaanza. Wamarekani hawakuzoea, walikuwa wanaingia wakati wowote, hata katikati, kiisha wanabaki kungoja ianze tena ili waone mwanzo.

Tena kuna sauti. Mu Jaws ule samaki wa chuma alikuwa anaharibika kila mara mu maji ya chumvi, Spielberg akalazimika kumuonyesha kidogo tu, na John Williams akaweka noti mbili zinazorudia, zinakaribia, zinakaribia. Ku telefone unasikia muziki. Mu sali yenye bafle nzuri unaisikia mu kifua na unavuta miguu juu ya banki hata kama uko mbali kabisa na bahari, mbele yako kuna Ziwa Kivu ambayo haina samaki wa kula mutu.

Na kitu cha tatu, ambacho kwetu njo cha kwanza: wengine. Mumarekani Thomas Edison alikuwa na mashini ya picha mbele ya ndugu Lumière wa Ufaransa, 1894 mu New York watu walikuwa wanalipa kuinama na kuchungulia mu kasha, mutu mmoja mmoja. Kiisha tarehe 28 Desemba 1895 Paris, ndani ya Grand Café, ndugu Lumière wakaitupa picha ku ukuta na watu kama thelathini hivi, waliolipa fransi moja moja, wakaiona wote kwa mara moja. Sinema tunayoijua ilizaliwa pale, ku ukuta, haikuzaliwa mu kasha. Sasa telefone imeturudisha ku kasha ya Edison, kila mutu na kitundu chake. Hatusemi telefone ni mbaya, wengi wetu filme tumezionea pale juu hakukuwa mahali pengine. Tunasema tu kicheko cha watu mia mbili hakiingii mu ekuta za masikio.

Zamani mu Bukavu watu walikuwa wanaangalia filme wapi?

Wakati wa Wabelgiji, muji ukiitwa bado Costermansville, muzungu na mweusi hawakuwa wanakaa mu sali moja, na serikali ya kikoloni ilikuwa inachagua ni filme gani Mwafrika anaruhusiwa kuona. Mapadri njo walikuwa wanazunguka na projekteri mu misioni na mu kambi za wafanyakazi. Wengine walitengeneza filme zao, kule Kasai padri Albert Van Haelst alitengeneza zile za kuchekesha za Matamata na Pilipili miaka ya 1950, na wazee wamoja wanazikumbuka mpaka leo kwa furaha hata kama lengo lilikuwa kufundisha watu vile Mubelgiji alitaka waishi.

Baada ya uhuru sali zilifunguka kwa wote. Kiisha uchumi ukaanguka, vidio ikaingia, na mu Congo nzima sali kubwa zikafungwa moja moja, ingine ikawa kanisa, ingine depo.

Lakini watu hawakuacha filme, na hapa njo tunapenda kukawia. Zikazaliwa sali za vidio za kartye: chumba cha mbao, bashi ku madirisha ili jua isiingie, mabanki, televizio moja juu ya meza, kasete, nje jenereta inanguruma. Ku mlango ubao wenye chaki, filme ya saa nane, filme ya saa kumi. Bei ilikuwa pesa ya mukate. Wenye walikosa walichungulia mu matundu ya mbao mpaka mwenye sali awafukuze na kijiti, na kiisha kidogo walirudi. Watu wazima walisema ni mahali pa wahuni, wazazi wengi walichapa watoto juu ya sali ile, na kweli kulikuwa moshi na wakati mwingine wizi. Lakini vijana wa Kadutu, Bagira, Panzi walijifunza pale kukaa na watu wasiowajua na kuogopa pamoja, kushangilia pamoja. Wakati vita vilikuja kuanzia 1996 na miaka yote ile ya taabu, kulikuwa mahali pachache sana mu muji ambako mutu anaweza kukaa saa mbili akiwaza kitu kingine.

Ni kweli filme za kaboyi zilibadilisha vijana wa Kinshasa?

Kweli kabisa. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijiita Bills, kutokana na Buffalo Bill. Walivaa kofia, fulari ku shingo, walitembea sawa watu wa farasi, na kartye zao walizipa majina ya Texas. Wakatengeneza lugha yao, Hindubill, ambayo jina lake linachanganya filme za Wahindi na Bill wenyewe. Fikiria mukoloni anakuchagulia filme ili ubaki mutoto mzuri, wewe unaenda kuchukua mu ile filme mutu asiyepiga goti mbele ya mutu yeyote. Hakuna mwenye alipanga ile kule Hollywood. Watengenezaji wanatupa filme, lakini wanaoangalia njo wanaamua itakuwa nini.

Mbona Bruce Lee anapendwa mpaka leo hapa kwetu wakati alikufa zamani hivyo?

Alikufa Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, na miaka 32 tu, Enter the Dragon ilikuwa haijatoka bado. Nendeni mu saluni yoyote ya kunyoa, angalieni ukuta, mtamukuta pamoja na wachezaji wa mpira wa leo.

Juu ya nini? Kwanza alikuwa akteri mukubwa ambaye si muzungu, na ile miaka kuona hiyo ilikuwa kitu kipya. Pili hana bunduki, ana mwili wake tu, na mwili kila mutu maskini yuko nao. Mu filme yake ya 1972, Fist of Fury, anafika ku mlango wa bustani Shanghai, anakuta kibao kimeandikwa kwamba mbwa na Wachina hawaruhusiwi, anakivunja hewani na teke moja. Mzee aliyeishi mu muji ambamo kulikuwa mitaa ya wazungu na saa ya kurudi cité, mitaa ya weusi, hakuhitaji mutu amutafsirie ile teke. Klabu za karate na kungfu mu Bukavu, zile za asubuhi mapema ambazo vijana wanakimbia na kimono nyeupe barabarani, zina deni kwa ule mutu, tunasema hivyo bila wasiwasi.

Filme zilizotafsiriwa na yule mutu anayeongea juu yake, je ile ni sinema ya kweli ama ni kuharibu filme?

Hili swali linaleta ugomvi kila mara. Sisi tunasema ni sinema ya kweli, tena sana.

Mu Tanzania alikuwa Derek Mukandala, watu walimuita Lufufu, aliingiza Kiswahili juu ya filme za nje na watu wakamufuata yeye kushinda hata akteri. Kenya iko na DJ Afro, Uganda iko na VJ Jingo, Rwanda wanaziita agasobanuye, na zile zinatufikia hapa kirahisi, Rusizi ya Rwanda si ni ng'ambo ya mto tu. Hawa watu hawatafsiri neno kwa neno. Wanaeleza, wanachekesha, wanamupa shefu bandi, yaani mukubwa wa wabaya, jina la mtaa, wanakuonya kabla ya akteri hajaingia mu mutego, na wakiona sehemu inachelewa wanakusimulia habari ingine kabisa.

Wale wanaosema ni ushenzi wajue kwamba Japani walifanya hivyo tangu wakati wa filme zisizo na sauti. Mutu alikuwa anasimama kando ya kitambaa, wanamuita benshi, anaeleza filme yote na kuigiza sauti za kila mutu, na jina lake lilikuwa linaandikwa kubwa ku tangazo, mpaka filme zenye sauti zilipofika miaka ya 1930 zikawanyima kazi. Hakuna anayeita ile ushenzi leo, wanaiita urithi.

Bibi ambaye hajui Kifaransa wala Kiingereza anafuata filme ya Marekani mpaka mwisho na analia mahali pa kulia. Wewe mwenye umesoma, mwenye unasoma maandishi ya chini haraka haraka, bibi umemupunguzia nini? Shida tunayoiona ni moja tu, mutafsiri wengine wanaongeza matusi na mambo ya kudharau wanawake ambayo mu filme hayamo, na hiyo tunaikataa.

Black Panther ilikuwa na maana gani kwetu, si ni filme ya Marekani tu?

Ni ya Marekani, ndiyo, imetengenezwa na pesa ya Marekani na ikaingiza zaidi ya dolari miliari 1,3. Lakini 2018 pale ilitoka ilikuwa kitu kingine. Ryan Coogler, mweusi, njo aliiongoza, karibu waigizaji wote weusi, lugha waliyoiweka mu mdomo wa watu wa Wakanda, ile inchi ya kubuni ya mu filme, ni Kixhosa cha Afrika Kusini, mablanketi ya Basotho yamo ku mabega ya wapiganaji, na Ruth Carter aliyeshona zile nguo akapata Oscar. Arabuni Saudia walifungua tena sali za sinema mwezi wa nne wa ule mwaka baada ya miaka zaidi ya thelathini, na filme ya kwanza ilikuwa ile. Wachezaji wa mpira Ulaya walikunja mikono ku kifua wakifunga goli, watoto wa hapa wakaiga siku ile ile.

Sasa sisi wa Kivu tuliiangalia na jicho letu. Kuna inchi iko na madini ambayo dunia yote inaitaka, na wenye inchi wanaificha, wanaijua, wanaitumia wenyewe, wanajenga treni zinazopaa. Mutu anayetoka upande wa Rubaya, anayejua koltani, yale madini ya telefone, inavyotoka mu udongo ku mabega ya vijana na nani anakula faida, hawezi kuiangalia ile sawa hadithi ya watoto. Siku tuliionyesha, baada ya taa kuwaka mjadala ulikuwa juu ya migodi, na hakuna aliyeanza kuongelea mapigano. Kijana mmoja akauliza kwa sauti: sisi Wakanda yetu waliichimba ikaenda wapi? Watu waliongea mpaka mulinzi akataka kufunga.

Chadwick Boseman alikufa na kansa Agosti 2020, na kuna watu hapa walimulilia sawa ndugu.

Hollywood imeionyesha Congo namna gani?

Mbaya, mara mingi. Kwa miaka mingi ilikuwa pori, ngoma, na muzungu mmoja anayejua njia kushinda wenye pori. Johnny Weissmuller akiwa Tarzan tangu 1932 aliruka mu miti ya California. The African Queen ya John Huston, 1951, wenyewe walikuja kweli, sehemu yake ilipigwa huku kwetu upande wa mto Ruiki, karibu na Ubundu ya leo, na bado wenyeji wanaonekana kwa mbali tu. The Legend of Tarzan ya 2016 inaongelea Congo ya mfalme Léopold wa pili, mateso ya kweli kabisa, na sehemu kubwa ilipigwa Uingereza mu studio, misitu ilipigwa picha kutoka angani Gabon.

Mutu wa mbali aliyekula picha hizi tangu utoto wake anapokutana na wewe airport, anakutana kwanza na ile filme. Njo maana tunasema jambo hili si mchezo.

Kwa hiyo filme inaweza kuumiza watu kweli?

Inaweza. Mfano unaojulikana zaidi ni The Birth of a Nation ya 1915, filme iliyowasifu Ku Klux Klan, kundi la wazungu waliotesa na kuua weusi, na mwaka ule ule Klan ambayo ilikuwa imekufa ikazaliwa tena Marekani. Peter Benchley, aliyeandika hadithi ya Jaws, alimaliza miaka mingi ya maisha yake akitetea samaki papa juu watu waliwachukia na kuwaua.

Na huku kwetu hatutajificha: majina ya filme Rambo na Commando hayakubaki ku michezo ya watoto, watu wenye bunduki za kweli pia walijiita hivyo. Hatusemi filme njo ilileta vita, vita iko na sababu zake na tunazijua. Tunasema filme ilimupa kijana picha ya mwanaume ni nani, na ile picha ilikuwa na risasi ku kifua.

Sisi wenyewe, Congo, tuko na filme kubwa?

Tuko nazo, na watu wa Bukavu wanafaa kujua kwamba mmoja wa baba wa sinema ya Congo alizaliwa hapa hapa: Ngangura Mweze, 1950. La vie est belle ya 1987, aliyoiongoza pamoja na Mubelgiji Benoît Lamy, ile yenye Papa Wemba, iliangaliwa Afrika nzima na nyimbo zake bado zinaimbwa. Pièces d'identités ya 1998 ikamupa mwaka uliofuata Étalon de Yennenga ku FESPACO, festivali ya filme za Afrika kule Ouagadougou, zawadi kubwa kushinda zote za sinema ya Afrika. Ukiuliza vijana kumi ku Nyawera jina lake, wengi hawalijui, na hiyo inatuuma sana.

Djo Munga alitoa Viva Riva! 2010, Kinshasa ya usiku, mafuta ya kuiba, haraka sawa filme yoyote ya Marekani. Dieudo Hamadi alifuata polisi mwanamke, kolonele aliyetoka kazi Bukavu akahamishiwa Kisangani, ikawa Maman Colonelle ya 2017. Kiisha akapanda mashua na watu walioumia mu vita ya siku sita ya Kisangani, wengine bila miguu, wanashuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao, En route pour le milliard, na 2020 ikawekwa mu orodha rasmi ya Cannes, ile festivali kubwa ya filme ya Ufaransa. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi, alipata zawadi Cannes 2023 na Augure. Goma, Petna Ndaliko na Yole!Africa wamefundisha vijana kushika kamera na wakaanzisha festivali ya filme pale pale, mu muji ambao volkano ilikuwa imeuunguza 2002.

Filme juu ya daktari Mukwege na hospitali yake ya Panzi, L'homme qui répare les femmes ya Thierry Michel, serikali iliizuia 2015, kiisha ikaifungulia. Ukiona serikali inaogopa filme ujue filme iko na nguvu.

Shida yetu ni sali. Filme ya Congo inaonekana Paris, Brussels, Ouagadougou, na mwenye habari yake ameongelewa mu filme ile, kule Kadutu ama Bagira, anaikosa.

Netflix na wengine wanaoleta filme ku interneti, si wameshaua sinema?

Waliiumiza. 2020 korona ilifunga sali karibu dunia nzima na wengi waliandika kwamba imeisha. Kiisha Julai 2023 Barbie na Oppenheimer zikatoka siku moja, watu wakavaa nguo za rangi ya rozi wakajaza sali, na Barbie peke yake ikapita dolari miliari 1,4. Kwetu swali ni lingine, mega za interneti ni bei na kurant inaenda inarudi, kwa hiyo kuangalia pamoja ni rahisi kushinda kila mutu kununua yake.

Tunataka kuonyesha filme mu kartye yetu. Tunahitaji nini?

Kidogo kushinda mnavyofikiri. Projekteri yenye mwanga wa lumeni 3000 hivi inatosha mu chumba chenye giza na kitambaa cha metri tatu. Nje inafaa mungoje usiku kabisa, juu saa kumi na mbili na nusu bado kuna mwanga na picha inakuwa sawa majivu. Kitambaa kiwe cheupe, kizito, kivutwe vizuri chini na juu, upepo wa ziwa ukikitikisa watu wanaumwa kichwa. Msiweke pesa yote ku picha mkasahau sauti: bafle mbili mbele, kando ya kitambaa, si nyuma, na jenereta mbali, nyuma ya ukuta. Watu wanavumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno wasiyoyasikia hawayavumilii.

Kuna pia ruhusa. Filme iko na mwenyewe, na kwa filme za Congo mara mingi ukimuandikia mwenye filme moja kwa moja, ukamueleza ni wapi na ni watu gani, anafurahi na anakupa bure ama kwa bei ndogo. Muandikieni. Kwa zile kubwa za Marekani ni ngumu zaidi, lakini institi za utamaduni na festivali zina njia zao, waulizeni kwanza.

Na muangalie filme yote ninyi wenyewe mbele ya siku, mpaka mwisho. Mu muji ambao watu wameona mambo sisi tumeona, kuna picha ambazo haufai kumutupia mama bila kumuonya. Sisi tunasema mwanzoni: leo kuna bunduki, leo kuna mutoto anayekufa, mwenye hataki atoke bila haya.

Mutu anaruhusiwa kuongea wakati filme inaendelea?

Anaruhusiwa, hatutaki watu wakae sawa ku misa. Mupigie kelele shefu bandi, muonye akteri, cheka, lia, eleza mama aliye kando yako kama hajaelewa Kifaransa. Tunachokataza ni telefone, mwanga wake unakatisha giza ya kila mutu, na kusimulia mwisho kama ulishaiona. Watoto wanakaa mbele juu ya mikeka, wazee ku viti, mwenye mutoto mchanga karibu na mlango. Kurant ikikatika msitoke, jenereta inachukua dakika kidogo kuwaka, na tunairudisha filme nyuma mpaka mahali mtakubaliana wote kwamba mlikuwa mumefika.